Tarakilishi Yetu na Spika za Baba

Wapo wanaodhani kwamba tarakilishi ni ya kuchapia barua na kuchezea michezo tu, na kwamba muziki ukitoka humo lazima uwe na sauti ya debe. Mimi nakataa katakata, na sababu ninayo.

Kwetu nyumbani kuna amplifaya ya Baba na spika mbili za mbao, kila moja yanifika kiunoni. Alizinunua kabla sijazaliwa. Mashine yake ya sidi ilipokufa jicho, fundi alitikisa kichwa akasema spea hazipatikani tena. Basi vyombo vile vikawa meza ya kuwekea maua. Muhula wa pili mwaka jana, mnunuzi wa vyuma vikuukuu alipita, na Mama akaanza kuelewana naye bei. Baba hakusema kitu. Alikuwa akipangusa vumbi la spika kwa kiganja, na kimya chake kilinichoma kuliko maneno.

"Mama, nipe mpaka tufunge shule," nikasema.

"Haya, lakini siku haziongezwi!"

Sasa sikizeni. Sidi, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, haina sauti ndani yake, ina namba. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo hupewa ngazi moja kati ya 65,536. Tarakilishi nayo kazi yake ni namba, au sivyo? Ile yetu, kuukuu aliyotuachia kaka, ina mlango wa kusomea sidi. Nikazinakili sidi za Baba moja moja. Sikutumia MP3 kwa sababu ile ya kilobiti 128 hubakiza kama sehemu moja tu kati ya kumi na moja, nyingine hutupwa. Nilitumia FLAC, iliyotoka mwaka 2001. Hiyo hulikunja faili mara nyingi likawa karibu nusu, na likikunjuliwa namba zote zipo, hata moja haikupotea.

Nikaunganisha waya kutoka tundu la spika nyuma ya tarakilishi hadi kwenye amplifaya. Lo! Kila nikisogeza kipanya, spika zinalia kriii kriii kama panya aliyenaswa. Baba akacheka, "We kijana, hiyo ni benga ya wapi?"

Namba hazikuwa na kosa. Taabu ilikuwa pale zinapogeuzwa kuwa umeme wa sauti, kwa sababu ndani ya lile sanduku mna feni na vidude vingine vinavyopiga kelele za umeme pembeni. Dawa yake ni kugeuzia nje. Kuna kigeuzi kidogo kama kiberiti kinachochomekwa kwenye USB. Bei, shilingi 1,400. Nauli yangu ni shilingi 40 kwa siku, kwenda na kurudi, kwa hivyo nilitembea wiki saba. (Walioniona nikifika na viatu vyekundu kwa vumbi, sasa mmejua.)

Jumamosi moja kabla ya kufunga, nikakichomeka, nikaweka benga ya Shirati Jazz, ile sidi aliyoipenda Baba. Kriii hakuna. Gita la pili, ambalo kwenye simu yangu halisikiki kabisa, lilikuwa limesimama upande wa kushoto peke yake. Baba alivua kofia akakaa. Wimbo ulipokwisha akasema tu, "Rudisha mwanzo."

Mnunuzi wa vyuma aliporudi, Mama alimuuzia sufuria mbili zilizotoboka. Kisha akaingia chumbani akatoka na mfuko wa kanda za kwaya yao ya zamani, kumi na nne kwa jumla. "Na hizi je?"

Kanda ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60, njia ya mkato hakuna bana, na redio ya kanda yenyewe nimeiazima kwa jirani. Ninapoandika haya nimefika ya tano.