Maji ya Kisima, Kahawa ya Mlimani

Jumamosi, 6 Julai 2024

Katoni ya dada imefika kutoka Houston. Ndani mna mashine ya kahawa, nyeusi, ina saa na jagi la kioo. Mama Neema alikwisha kuitengea nafasi pembeni mwa jiko kabla sijaipindua kusoma kibandiko cha chini: volti 120, wati 900. Kwetu ni volti 230. Watu hudhani dawa yake ni adapta ya pini tatu. Adapta hubadili umbo la plagi tu, umeme haiugusi. Tena koili ya volti 120 ukiipa 230 haili umeme mara mbili, inakula zaidi ya mara tatu na nusu, kwa hiyo zile wati 900 zinakuwa kama 3,300. Itachemka kwa fujo dakika moja, halafu harufu. Transfoma ya kuimudu iwe ya wati zaidi ya 1,000, dude la chuma zito kuliko mashine yenyewe. Nikasema irudi kwenye katoni.

"Basi utamwambia wifi yangu wewe mwenyewe," akasema Mama Neema.

Jumapili, 7 Julai

Nimemwambia. Amecheka. Mtaa wa nyuma yuko bwana aliyerudi na vyombo vyake vyote kutoka Marekani, ana transfoma kubwa. Mashine imekwenda kwake, na dada ameridhia.

Jumanne, 9 Julai

Nimepita Kariakoo kwa fundi wangu wa pasi na feni kumuuliza ni mashine gani za kahawa zinamrudia mara kwa mara. Muuzaji atakwambia ipi inauzika. Inayokufa mapema anaijua fundi.

Bahati nzuri alikuwa ameifungua moja mezani, ya aina ileile ya kudondosha maji juu ya chujio la karatasi. Wengi hudhani mna pampu. Hamna. Kuna tanki, kuna kivalvu cha mpira kinachoruhusu maji kwenda mbele yasirudi nyuma, na kuna bomba la alumini lililopindwa, limegandana na koili. Maji yakichemka humo, mapovu ndiyo yanayoyasukuma kupanda hadi juu ya kahawa. Ni hayo tu! Na koili hiyohiyo ndiyo inayopasha sahani ya kuwekea jagi, ndiyo maana kahawa iliyokaa pale nusu saa inakuwa na ladha ya kitu kilichopashwa kiporo.

Fundi akaingiza ncha ya bisibisi kwenye bomba, akakwangua. Ukatoka unga mweupe, halafu magamba, halafu kipande kizima chenye mviringo wa bomba. Tundu lililobaki lilikuwa la kupita njiti ya kiberiti.

"Hii haijafa kwa umeme, kaka. Imekufa kwa maji."

Chokaa ikijaa, joto la koili linakosa pa kwenda, na fyuzi ya joto inakatika ili nyumba isiungue. Ukibadilisha fyuzi bila kusafisha bomba, itakatika tena. Nikamuuliza mwenye mashine anakaa wapi. Anatumia maji ya kisima, kama sisi wa Kigamboni.

Mashine za vidonge vya kahawa sikumuuliza. Siku vidonge vinapokosekana dukani, umebaki na pambo la jikoni. Za espreso anazikubali kwa ubora, maana zina pampu ya kweli na kahawa inatoka kwa presha ya bar 9 hivi, ila akaniangalia usoni akauliza nani atakuwa anazisafisha kila siku. Sikumjibu.

Jumamosi, 13 Julai

Nimenunua moka ya alumini, ya vikombe sita. Hivyo ni vikombe vya kahawa kama vya barazani, si vya chai. Kwa watu wazima wawili inatosha bila kubakiza. Haina waya, umeme ukikatika gesi ipo, na yote inafunguka kwa mkono: chini chombo cha maji, katikati kikapu cha kahawa chenye mrija, juu buli, na kati yao mpira na chujio la bati lenye matundu.

Aliyeiingiza sokoni ni Mtaliano Alfonso Bialetti, mwaka 1933. Mwaka huohuo ndio wakulima wa Kilimanjaro walipopata chama chao cha ushirika, KNCU. Mambo mawili yasiyohusiana, lakini yamenifurahisha.

Kanuni zake ni chache. Maji yasifunike valvu ya usalama iliyo ubavuni. Mimi natia maji ya moto tayari, maana ukianza na ya baridi chombo kinakaa sana motoni na kahawa inaungua kavu kabla maji hayajaifikia. Unaijaza kahawa hadi ukingoni, unaisawazisha, huishindilii. Moto mdogo. Mvuke na hewa iliyobanwa ndani vinayasukuma maji kupanda kwenye mrija, na presha yake ni bar moja au mbili tu, kwa hiyo asije mtu kunambia hii ni espreso. Ikianza kutoa rangi ya njano na kukoroma, iondoe. Kinachotoka baada ya hapo ni uchungu mtupu.

Jumatano, 17 Julai

Kaka wa Nairobi amepiga simu, anasifia chombo chake cha kioo cha kukandamiza mashapo. Yeye haepui maji motoni akasubiri yapoe. Hana haja: Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kahawa inataka kati ya 90 na 96. Mwinuko umempimia. Sisi wa pwani yanachemka kwenye 100, inabidi tungoje kidogo. Amejisifu kwa kitu ambacho hakukifanyia kazi.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Mama mkwe ameshuka kutoka Old Moshi na mfuko wa kahawa ya shambani kwake. Ameikaanga mwenyewe, na akaitwanga kwenye kinu hadi ikawa laini kama ya kupikia kwenye dele. Nikaitia kwenye moka. Ikagoma. Valvu ikapiga mluzi, mvuke ukatoka ubavuni, juu hakikupanda kitu. Unga laini kiasi hicho unaziba, na valvu ikafanya kazi iliyoiweka pale. Jioni tukatwanga nyingine, tukaiacha ikiwa na chembe kama za chumvi ya mezani, ikapanda vizuri.

"Miaka yote tunaichuma," akasema mama akiwa ameshika kikombe, "nyumbani tunakunywa chai."

Baadaye nikamkuta ameikalia moka na majivu na waya wa kusugulia. Kwake sufuria isiyomeremeta ni aibu ya nyumba.

"Mama, hiyo tuiache ilivyo."

"Baba Neema, chombo cheusi mgeni akikiona atasema nini?"

Nikamweleza kwamba majivu yana magadi ndani yake, na magadi yanaila alumini. Ndiyo yanayoifanya iwe nyeusi upya kila ikikauka. Akanisikiliza kwa adabu. Nje ameisugua hivyohivyo, ndani ameniachia. Nimeona ni mapatano mazuri.

Kuhusu sabuni, wapo wanaoapa kuwa moka haioshwi kwa sabuni hata siku moja. Siwafuati. Mafuta ya kahawa yakikaa yanachacha, na yakichacha unayasikia kikombeni. Tone moja la sabuni, sifongo laini, suuza sana, kausha.

Jumapili, 25 Agosti

Leo nimefanya jambo nililolingoja. Kahawa ileile ya mama, kipimo kilekile, maji matatu: ya kisima chetu, ya bomba ya Mto Ruvu niliyobeba kwenye dumu kutoka kazini, na ya mvua yaliyobaki kwenye tanki tangu masika, nimeyachemsha. Mama Neema alionja bila kujua kipi ni kipi.

Ya kisima: "Hii nzito, haina kitu." Ya bomba aliimaliza. Ya mvua alisema ni kali mbele, nyepesi nyuma.

Sababu inaeleweka. Kahawa ya Kilimanjaro raha yake ni ule uchachu wake, na maji magumu yana bikaboneti zinazouzima. Tumekuwa tukinunua kahawa nzuri na kuizima wenyewe jikoni. Bikaboneti hizohizo zikipata moto zinageuka chokaa, ile aliyoikwangua fundi. Na chumvi ya kisima nayo ina lake: haigandi, lakini inatoboa alumini vidonda vidogo, hasa maji yakilala ndani usiku. Siku hizi nachanganya ya mvua na ya bomba, nusu kwa nusu. Mvua ikiisha tutaona.

Moka ina ukungu mweupe chini. Nimetia maji na siki kidogo, nimechemsha bila kahawa, nikamwaga, nikarudia kwa maji matupu. Ndimu nayo inafaa. Kulaza siki humo hadi asubuhi hapana, ni alumini.

Jumamosi, 14 Septemba

Mpira wa moka umeanza kuvujisha pembeni, umekuwa mgumu. Ni kawaida yake, na Mama Neema huifunga kwa nguvu zote kisha huiweka kabatini ikiwa imekazwa. Nimemwomba tuiweke imefunguliwa.

Kariakoo wanayo mipira, lakini ya vikombe vitatu na ya vikombe tisa. Fundi aliniambia nisijaribu kuukata mkubwa, hautakaa. Dada anakuja Desemba. Nimepima mpira wa zamani kwa rula, kipenyo cha nje na cha ndani, nikamtumia picha na vipimo, nikaongeza na ombi la kinu kidogo cha kusagia kwa mkono. Akajibu, "Hicho kinatumia volti ngapi?"