Aliyechapwa Anainuka

Miaka ya tisini, gemu tulizozijua mtaani Baba Dogo, Nairobi, zilikuwa zile ndogo za betri, za kupanga matofali. Ulicheza peke yako, betri ikaisha, basi. Iliyouteka mtaa ilikuja baadaye: Pro Evolution Soccer, gemu ya mpira ya Konami.

PlayStation 2, mashine tuliyoichezea, ilitoka Japani mwaka 2000, na bei yake haikuwa ya nyumba zetu. Wenye vibanda vya gemu walileta za mtumba, televisheni nzito za zamani na diski za kunakiliwa. Mechi ilikuwa shilingi kumi. Aliyechapwa alilipa, kisha akainuka kumpisha mwingine. Naamini kanuni hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko uzuri wa picha, maana tangazo la gemu sikuwahi kuliona mtaani kwetu. Gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas nayo tuliipenda sana, lakini pale mmoja alicheza na wengine wakabaki watazamaji. Kwenye mpira, kila aliyekaa benchini alikuwa mpinzani ajaye. Alikusoma. Alikuzomea. Vibarua waliotoka shifti viwandani walibanana na wanafunzi wenye sare, na nilimsikia baba wa watoto akimuuliza mvulana wa darasa la saba, kwa heshima kabisa: "Mwalimu, hiyo krosi unaipigaje?"

Wala hukuhitaji kusoma. Diski nyingine zilikuwa za Kijapani mwanzo hadi mwisho. Tulikariri vitufe tu hadi mechi ikaanza. Liverpool iliandikwa Merseyside Red kwa kuwa Konami hawakuwa na leseni ya klabu, lakini kiungo wake Gerrard alikuwa Gerrard, na sisi mpira tulikuwa nao tayari, wa makaratasi na kamba. Gemu ilitukuta tukiujua. Inter Milan, kwa sababu ya mashuti ya mguu wa kushoto wa mshambuliaji wake Adriano, ilipigwa marufuku kibandani kwetu, na hakuna aliyebisha.

Halafu kulikuwa na Dennis Oliech, mshambuliaji wa Kenya. Alipitia Mathare United, jirani zetu, akafika Auxerre, na ligi ya Ufaransa ilikuwamo ndani ya diski. Wako waliochagua Auxerre dhidi ya Barcelona wakijua watalipa. Walitaka Oliech apate mpira mara moja tu karibu na goli, na alipoupata, benchi zima lilisimama, hata yule aliyekuwa akicheza na Barcelona akapiga kelele.