Nyumba ya Hurumzi

Mtu akisimama Kamanyola, pale barabara itokayo Bukavu inapomaliza kushuka milima na kuingia katika bonde la Ruzizi, huona nchi tatu kwa mara moja: Kongo, Rwanda na Burundi. Sokoni watu husikilizana kwa Kiswahili. Lugha hiyo haikuzaliwa hapa. Ilitoka pwani pamoja na misafara ya biashara, ikavuka Ziwa Tanganyika. Na misafara hiyo, iliporudi pwani, ilichukua pembe za ndovu, ilichukua na watu pia.

Kwa hiyo msomaji wa huku akijaliwa kufika Mji Mkongwe wa Unguja, iko nyumba moja ambayo haifai aipite bila kusimama. Iko katika mtaa wa Hurumzi.

Nyumba hiyo ilijengwa katika karne ya 19 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia, aliyekuwa msimamizi wa forodha ya Sultani. Ni jumba refu, lenye ghorofa nyingi kupita majirani zake. Nyumba za namna hii zina kuta nene za mawe ya matumbawe, yaliyoshikwa kwa chokaa, nazo huzuia joto la mchana. Dari za kale hulala juu ya boriti za mikoko, na chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti, yaani yapata mita 3. Ndiyo sababu vyumba vingi vya Unguja ni virefu na vyembamba. Mlangoni fundi alitia nakshi, ili mgeni ajue cheo cha mwenye nyumba kabla ya kubisha hodi.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa. Mtumwa aliweza sasa kudai uhuru wake mbele ya korti, na serikali ikamlipa bwana wake fidia. Yasimuliwa mjini kwamba malipo hayo yalifanyika katika nyumba hii, na kwamba jina Hurumzi latokana na neno huru.

Lakini tuliangalie vema jambo hili. Fedha alipewa yule aliyemmiliki mwenzake. Yule aliyefanya kazi miaka yote bila ujira hakulipwa fidia yoyote. Tena masuria hawakutiwa katika amri ile. Wao walingoja mpaka mwaka 1909.

Katika miaka ya 1990 jumba lilitengenezwa likawa hoteli, kwa juhudi za Mmarekani Emerson Skeens, aliyefariki mwaka 2014. Wageni hupanda ngazi nyingi mpaka juu ya paa, huvua viatu, huketi juu ya mito na kula huku wakitazama jua likizama baharini. Wengine huenda wasijue habari ya fidia.

Je, ni vibaya nyumba kama hiyo kuwa hoteli? La. Nyumba isiyokaliwa hubomoka, na ukuta wa chokaa hutaka kutunzwa daima. Kodi ya mgeni hununua chokaa. Ila habari yake nayo yataka kutunzwa.

Huku kwetu pia, Uvira na Bukavu, ziko nyumba za zamani. Kabla ya kuibomoa moja, tuwaulize wazee ni nani waliingia mlangoni mwake, na watoto wawepo wasikie. Wahenga walisema: Mwacha asili ni mtumwa.