Lenzi ya Kwanza

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii huwasuta wale wanaotumia siku nzima kupima mipini ilhali msimu wa kupanda unawapita. Hata hivyo, ipo hali ambapo mtu hana budi kuchagua, maadam asipochagua hana jembe kabisa. Hali hiyo ndiyo iliyomfika msichana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu jijini Nairobi, aliporithi kamera isiyokuwa na lenzi.

Kamera yenyewe ilikuwa ya mjomba wake, marehemu, aliyekuwa na studio ndogo mjini Voi. Ilikuwa Zorki-4, aina iliyoundwa katika kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, kuanzia mwaka 1956 hadi 1973. Mjomba aliinunua kwa mwalimu mmoja aliyerejea kutoka masomoni katika Muungano wa Kisovieti. Lenzi yake ilipotelea wapi, hakuna aliyejua. Kilichosalia kilikuwa kiwiliwili kizito cha chuma chenye tundu la mviringo mbele, mithili ya jicho lisilo na mboni.

Kamera ya namna hii hupima umbali kwa njia yake. Mpiga picha haoni kupitia lenzi, bali hutazama katika kidirisha kilicho juu yake. Katikati ya kidirisha hicho huonekana taswira mbili za kitu kimoja, moja ikiwa imeteleza kando ya nyingine. Anapoizungusha lenzi, taswira hizo husogeleana hadi zikaingiana na kuwa moja. Hapo ndipo umbali umepimwa sawasawa. Lakini kidirisha hicho hakijui ni lenzi gani iliyofungwa. Kidirisha cha Zorki-4 kilikadiriwa kwa lenzi ya milimita 50 tu. Anayefunga lenzi nyingine hulazimika kununua kidirisha cha pili na kukipachika juu ya kamera. La sivyo atabahatisha kama mtu anayelenga embe gizani.

Mzee mmoja mwenye duka la kamera kuukuu katikati ya jiji alimpangia lenzi tatu juu ya kitambaa cheusi. Ya kwanza ilikuwa ya milimita 35, inayoona upana wa takriban digrii 63 na kuweza kuimeza familia nzima sebuleni. Ya pili ilikuwa ya milimita 50, yenye kuona digrii 47 hivi. Ya tatu ilikuwa ya milimita 85, ambayo huona chini ya digrii 30 na kumvuta karibu aliye mbali. Akiba ya msichana, aliyoiweka kidogo kidogo kwa mwaka mzima, ilitosha lenzi moja.

Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ile ya milimita 85. Alikuwa mtu wa haya. Tangu utotoni aliona taabu kumkabili mtu uso kwa uso, seuze kumkabili kwa kamera. Kwa lenzi ile angeweza kusimama ng'ambo ya barabara, akapiga picha yake na kwenda zake bila kumsemesha yeyote. Si wahenga walisema macho hayana pazia?

"Binti yangu," mzee alimuuliza, "wa kwanza kumpiga picha ni nani?"

"Nyanya yangu, mzee."

"Na yeye anajua?"

Swali hilo lilimgusa penye kidonda. Nyanya yake aliishi katika milima ya Taita, juu ya Wundanyi, katika shamba la matuta lililofunikwa na ukungu kila asubuhi. Katika umri wake wote alikuwa na picha moja tu, ile ya kitambulisho, ambayo mwenyewe aliicheka akisema ni ya mwanamke aliyefumaniwa akiiba kuku. Wajukuu walipomwomba picha nyingine alikataa katakata. Sababu ilijulikana na wote. Miaka mingi iliyopita, mgeni mmoja alisimamisha gari barabarani, akamlenga kwa lenzi ndefu kama mche wa mahindi huku yeye ameinama akipalilia, kisha akaondoka bila hata salamu. Nyanya hakusahau. "Mtu akitaka sura yangu," alizoea kusema, "na aje abishe hodi."

Msichana aliirudisha lenzi ya milimita 85 mahali pake taratibu. Alitambua kwamba alikuwa karibu kutumia akiba ya mwaka mzima ili amfanyie nyanya yake lile lile alilofanyiwa na mgeni.

Zikabaki mbili. Ile ya milimita 35 ilikuwa na mvuto wake, kwa kuwa jiko la nyanya lilikuwa dogo na lenye mambo mengi: mafiga, chungu, paka, moshi. Lakini ilidai kidirisha cha pili, na fedha za kidirisha hicho hazikuwepo. Ile ya milimita 50 haikudai chochote zaidi. Ilikuwa Jupiter-8, ambayo asili ya mchoro wake ni kazi ya Mjerumani Ludwig Bertele ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Aidha, haikuwa lenzi ya kudharauliwa. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyeanza kutumia kamera ya Leica mnamo mwaka 1932 na kufariki mwaka 2004, alifanya sehemu kubwa kabisa ya kazi yake kwa lenzi ya kipimo hicho hicho, ijapokuwa alikuwa na uwezo wa kununua zozote alizotaka.

Aliinunua. Mzee alimwonya mambo mawili: asibadilishe kasi ya kamera ile kabla ya kuikokoa, na asisahau kuondoa kifuniko cha lenzi, kwani kidirisha kitaendelea kumwonyesha dunia nzima ilhali filamu inaona giza tupu. La tatu alilisema wakati msichana akishuka ngazi: lenzi hiyo haipimi umbali unaopungua mita moja, lakini mtu akitaka kuujaza uso wa mwenzake katika picha, hana budi kuikaribia mita hiyo.

Likizo ilipofika alipanda basi hadi Voi, kisha matatu ya kupanda mlimani kupitia Mwatate. Kwa siku mbili kamera haikutoka mfukoni. Alichota maji, akapalilia, akasikiliza habari za majirani. Siku ya tatu aliiweka mapajani mwa nyanya. Mikono mikongwe iliipapasa.

"Hiki ni cha mjomba wako," nyanya alisema. "Nakijua kwa uzito. Wataka nini, mjukuu wangu?"

"Nimekuja kubisha hodi, nyanya."

Nyanya alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Karibu."

Jikoni hapakuwa na nafasi ya kutosha wala mwanga, kwa hiyo walitoka uani. Hapo palidhihirika jambo ambalo msichana hakulitia katika hesabu zake dukani. Aliposimama hatua tano, nyanya alikuwa akitazama kando, kama asiyejua amwelekee nani. Mtoto wa jicho alikuwa ameyavamia macho yote mawili, na kwa umbali huo mjukuu alikuwa kivuli tu. Alisogea hatua moja, kisha nyingine. Aliposalia na takriban mita moja na nusu, uso wa nyanya uligeuka, ukamtazama barabara, ukatabasamu. "Kumbe umekonda hivi!" alisema. Katika kidirisha, taswira mbili za uso ule ziliingiana zikawa moja.

Filamu ilikuwa na nafasi 36. Iliposafishwa Nairobi, zaidi ya nusu ya picha zilikuwa na ukungu, na tatu zilikuwa nyeusi kwa sababu ya kifuniko. Hakuna hata moja iliyoonyesha mafiga na paka wa jikoni. Hiyo ndiyo hasara ya kuchagua. Lakini moja ilimwonyesha bibi kizee akimtazama mtu anayempenda. Msichana aliichapisha mara mbili, moja akaipeleka milimani.

Wanafunzi wa fasihi huulizana kila mara msimulizi amesimama wapi, na anaona nini kutoka hapo. Swali hilo halitofautiani na lile lililoulizwa juu ya kitambaa cheusi dukani. Kila lenzi humpangia mwenye kamera mahali pa kusimama, na lau msichana yule angechagua kwa kuongozwa na haya yake, angepata picha safi ya mtu asiyejua anatazamwa na nani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wala, kama nyanya wa Taita alivyojua zamani, haimwamkii mtu.