Maji ya Paa la Jirani

Watu wengi hudhani kwamba ugomvi wa mipaka ni jambo la mashamba makubwa, la wenye ng'ombe na kahawa. Lakini ugomvi mkali kuliko yote niliyoiona mimi ulikuwa wa futi moja tu, na futi yenyewe haikuwa ya udongo bali ya hewa. Nauandika hapa kwa ajili ya ndugu zangu wanafunzi, ambao siku moja watanunua viwanja, na kwa ajili ya wazee wa shule, ambao wengi wao wamekwisha kununua.

Kiwanja chetu kipo kaskazini ya Kampala, upande wa njia ya Bombo. Marehemu baba alikinunua mwaka 1992. Ukubwa wake ni futi 50 kwa 100, kipimo ambacho karibu kila mtu katika Uganda anakijua: futi za mraba 5,000, yaani pungufu kidogo ya sehemu ya nane ya eka moja. Ardhi ya huko ni ya maili. Jina hilo lilitokana na Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, ambayo yaligawa ardhi kwa Kabaka, kwa machifu na kwa wengineo kwa hesabu ya maili za mraba. Tangu hapo maili hizo zimekatwa na kukatwa tena, baba akimgawia mwana na mwana akimwuzia mgeni, hata leo watu wanapimiana kwa futi na inchi.

Jirani yetu wa upande wa mashariki alikuwa Hajji mmoja, mfanya biashara, mtu wa heshima. Yeye na baba walipanda pamoja mstari wa luwaanyi katikati ya viwanja viwili. Huo ndio mmea ambao Waganda huupanda mipakani tangu zamani, na Wachaga wa Kilimanjaro nao hutumia mmea wa jamii hiyo hiyo na kuuita masale. Hauna gharama, haufi upesi, na ukikatwa huchipua tena. Chini ya udongo, penye pembe za kiwanja, yapo pia mawe ya mpaka aliyoyazika mpima ardhi, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na haja ya kuyatafuta.

Mwaka 2019 Hajji alianza kujenga vyumba vitatu vya kupangisha upande wetu. Yeye mwenyewe alikuwa Juba kwa biashara zake, kazi akamwachia fundi. Siku fundi alipofunga kamba ili achimbe msingi, mama alitoka akamwambia, "Mwanangu, hapa unakaribia mno. Mngoje mwenyewe." Fundi akaitikia kwa adabu, akasema atampigia Hajji simu. Siku ya pili alikwisha kuchimba, na luwaanyi sita zilikuwa zimeng'olewa na kulazwa kando. Baada ya wiki tano vyumba vilikuwa vimeezekwa kwa bati, na paa lote limeinamishwa upande mmoja tu, nao ni upande wetu.

Sasa na tufanye hesabu, kama tulivyozoea darasani. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lile lilikuwa na urefu wa mita 9 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 36. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwetu katika mwezi wa Aprili, ikinyesha mara moja, paa hilo humwaga lita 1,800. Hizo ni jerikani 90 za lita 20, na zote zilianguka katika mstari mmoja mwembamba karibu na jiko la mama, ambalo matofali yake yameungwa kwa udongo. Kabla ya mvua za mwaka ule kwisha, msingi wa jiko ulikuwa nje kama ufizi wa mzee, na ukuta umepata ufa unaopitisha kidole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu, tungeuziba vipi na hali maji yanatoka kwa mwingine?

Kaka yangu mkubwa alitaka twende mahakamani siku ile ile, na hasira ilipompanda zaidi alisema atayakata mabati yale kwa mkono wake usiku. Haki ya kulalamika tulikuwa nayo. Sheria ya Mipango ya Ujenzi ya mwaka 2010 iliifanya Uganda yote, mjini na kijijini, kuwa eneo la mipango, na ajengaye hana budi kupata kibali kwanza. Fundi hakuwa nacho. Lakini mama alikataa. Alisema, "Usiku baba yenu alipozidiwa, ni gari ya nani iliyompeleka hospitali? Kesi tutaishinda, nakubali. Kisha tutahamia wapi?" Tukanyamaza sote.

Msidhani kwamba mama alikuwa amesamehe. Alitaka maji yaondoke, tena yaondoke bila kumpoteza Hajji. Kwa hiyo Hajji aliporudi kutoka Juba, mama alimtuma kaka na mimi kwake, akatuamuru tusitaje mahakama wala hasara, ila tumwombe jambo moja: aje atazame mvua ikinyesha. Naye alikuja. Alisimama mlangoni pa jiko na mwavuli wake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ukuta wangu upo kwangu." Kaka akajibu kwamba haupo kwake. Basi hapo ndipo ilipoonekana kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua mpaka upo wapi hasa, kwa kuwa luwaanyi zilikuwa zimekwisha ng'olewa na aliyezipanda pamoja na Hajji alikuwa kaburini.

Tulikubaliana kumwita mpima ardhi, gharama nusu kwa nusu. Jambo hili la nusu kwa nusu ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana mpima aliyelipwa na mmoja huwa ni shahidi wa mmoja. Akaja na hati zote mbili, na mwenyekiti wa kijiji akiwapo, akachimba pembeni hata akagonga jiwe. Kamba ikavutwa kutoka jiwe hata jiwe. Ikaonekana kwamba ukuta wa Hajji umesimama futi moja ndani ya ardhi yake. Hajji alikuwa amesema kweli. Lakini upenu wa paa lake ulitokeza futi mbili kutoka ukutani, na kwa hiyo futi moja ya bati ilikuwa inaning'inia juu ya ardhi ya mama. Naye mama alikuwa amesema kweli.

Hajji alijaribu kujitetea kwa dini. Alikumbusha kwamba Mtume alikataza mtu kumzuia jirani yake kuweka boriti katika ukuta wake. Shehe wa mtaa, aliyekuwa miongoni mwa mashahidi, akamjibu kwa upole kwamba ni kweli, lakini sheria hiyo hiyo husema madhara yaondolewe, na boriti haimwagi jerikani 90. Watu wakacheka, na Hajji akacheka pia. Nadhani mambo yalianza kupona pale.

Nimeyafikiri sana maneno ya shehe. Kukaribiana peke yake si kosa. Lamu na Unguja nyumba za mawe zimeegemeana kwa karne nyingi, na watu wakaishi kwa amani. Warumi wa kale, kwa upande wao, yapata mwaka 450 kabla ya Kristo waliandika katika sheria zao za Mbao Kumi na Mbili kwamba kila nyumba iachiwe nafasi ya futi mbili na nusu kuizunguka. Kila mji una desturi yake. Lakini popote pale swali lililo chini ya desturi ni moja: maji, moshi na moto wa nyumba hii vitakwenda wapi? Ajengaye asipolijibu swali hilo, jirani yake atalazimika kulijibu.

Mapatano yetu yalikuwa hivi. Upenu ukatwe ubaki nusu futi. Penye ncha yake uwekwe mfereji wa bati wenye upana wa inchi 5, ili paa na mfereji wake visivuke mpaka. Maji yaingie katika tangi la Hajji, na yanayofurika yapite katika mtaro wa kwake hadi barabarani. Hajji atengeneze ukuta wa jiko. Luwaanyi zipandwe tena juu ya kamba ya mpima. Haya yote yaliandikwa katika karatasi tatu, pamoja na picha iliyochorwa na vipimo vyake. Mama akaweka dole gumba, Hajji akatia sahihi, na mashahidi wanne wakafuata. Moja ilikaa kwa mama, moja kwa Hajji, na moja kwa mwenyekiti.

Hajji alifariki mwaka 2023. Mama alikwenda kukaa matangani siku zote tatu, akapika pamoja na wanawake wa nyumba ile. Miezi michache baadaye kijana wake, ambaye hakuwapo wakati wa shauri letu, alikuja na fundi mpya akitaka kuinua vyumba vile viwe ghorofa. Mama hakubishana naye. Aliingia ndani, akaleta karatasi. Kijana akaisoma akiwa amesimama, akaitambua sahihi ya baba yake, akaomba aisome mara ya pili akiwa amekaa. Ghorofa imejengwa, nayo imeinamisha paa lake upande wa barabara.

Basi, ndugu wasomaji, mkinunua kiwanja, chimbeni mkayaone mawe yake kabla ya kulipa, na jirani awepo. Mkijenga, mwonyesheni jirani kamba kabla ya jembe. Na jirani akijenga, semeni siku ya kamba, tena semeni na mwenyewe wala si na fundi, maana kamba huhamishwa kwa dakika tano, na bati huhamishwa kwa mwaka mzima. Mkikubaliana, andikeni. Sisi tutaondoka, na watakaobaki kando ya mpaka ule ni watoto ambao hawakuwapo tulipouweka.