Fokasi ilienda kwa ekicholong

Nimepotea kidogo, kazi za wateja zilinibana. Leo tuweke kando mambo ya PHP. Nataka tuongee kuhusu kamera, kwa sababu kuna picha inaniuma.

Mwaka juzi tulikuwa na harusi ya binamu yangu hapa Kanamkemer. Nyanya alikuja kutoka Kalokol, na edonga ilipopamba moto akainuka, akaruka na wenzake. Sikuwa nimewahi kumwona akicheza. Nilikuwa na Canon EOS 1100D ya mtumba, nikapiga picha 46. Usiku nikazifungua kwenye laptopu: nyanya ni ukungu karibu kote. Kilichotoka safi, mpaka mikwaruzo unaihesabu, ni ekicholong ya mjomba aliyesimama mbele yangu akiwa ameishika. (Kwa wageni: ni kile kigoda cha mbao ambacho mzee hukalia mchana na kulazia kichwa usiku.)

Nyanya alifariki mwaka uliofuata.

Nililaumu lenzi. Kisha nikalaumu vumbi, maana ukiishi Lodwar vumbi hubebeshwa kila kosa. Mwishowe nikafanya kile ninachofanya programu ikigoma: nikasoma rekodi. Digital Photo Professional, programu ya Canon yenyewe, huonyesha kamera ilitumia pointi gani ya fokasi. Kumbe alama imekaa juu ya ekicholong! Kamera haikukosea. Ilitii.

Iko hivi. Kwenye kamera ya DSLR sehemu ya mwanga hupenya kioo kikuu, na kioo kidogo kilicho nyuma yake huuelekeza chini kwenye sensa ya fokasi. Sensa hiyo hulinganisha mwanga uliopitia upande mmoja wa lenzi na ule uliopitia upande wa pili. Zikipishana, kamera inajua izungushe lenzi upande gani na kwa kiasi gani. Ndiyo maana inapenda mahali penye mistari au rangi zinazogombana, na mchanga mtupu huihangaisha. 1100D ina pointi 9. Ukiiachia ichague yenyewe, mara nyingi hukimbilia kilicho karibu zaidi. Haijui nyanya ni nani.

Lakini kuna picha ambazo mjomba hayumo, nazo pia ni ukungu. Hapo ndipo kosa langu la pili: niliacha kamera kwenye AI Focus. Jina tamu, lakini hali hiyo huanza kama One Shot, yaani inashika fokasi na kuifunga, kisha ikihisi mwendo inahamia AI Servo, inayofuata kitu kinachosogea. Sasa mtu wa edonga anatulia, anaruka, anatulia. Kamera ikimaliza kuamua, mwenzako ameshatua. Kwa maoni yangu hali hii ingefichwa mbali kabisa kwenye menyu. Wenye Nikon mtaikuta kwa jina la AF-A, na zile mbili nyingine ni AF-S na AF-C.

Siku hizi nachagua pointi ya katikati peke yake, ambayo kwenye 1100D ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya kulala pia. Naweka AI Servo, na kasi 1/1000, jua letu linaitosha. Fokasi nimeihamishia kwenye kitufe chenye alama ya nyota, kidole gumba kinashughulika na fokasi, cha shahada kinapiga picha tu. Nilijizoeza kwa mbuzi wa jirani wiki nzima. Ndiyo, najua kamera mpya zisizo na kioo hutafuta jicho la mtu zenyewe. Bei yake nayo naijua.

Kati ya zile 46, mama alichagua moja akaichapisha, ipo sebuleni. Ukikaa kwenye kochi huoni kasoro yoyote. Mimi huwa nakaa kwenye kochi.