Babu wa Andover, Yatima wa Virginia

Nilipokuwa nafundisha historia, niliwasimulia wanafunzi habari za Waingereza wa kwanza kuhamia Marekani kana kwamba ni kundi moja. Sasa nina wajukuu, na kila ninaposoma habari zao natafuta jambo moja tu: nani alikuwa na babu?

Virginia babu alikuwa adimu. Makazi yake ya Jamestown yalianzishwa mwaka 1607 penye vinamasi, kando ya mto wa maji ya chumvichumvi, na watu wakapukutika kwa homa, kuhara damu na njaa. Mlowezi John Rolfe alipoanza kulima tumbaku, vijana wa kiume walimiminika kwa mikataba ya utumishi wa miaka 4 hadi 7. Wengi walizikwa kabla ya mkataba kwisha. Wanawake walikuwa wachache, kwa hiyo mwanamume alichelewa kuoa, kisha akafa watoto wangali wadogo. Mjane akaolewa tena, akafa naye. Katika kaunti ya Middlesex, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili kabla ya kufikisha miaka 13. Namwona mtoto amekaa mezani na ndugu wa ndoa tatu, na anayewagawia chakula hakumzaa hata mmoja wao. Huyo alimuuliza nani habari za ukoo wake?

Kaskazini mambo yalikuwa mengine. Miaka ya 1630 Massachusetts ilipokea familia nzima nzima: mume, mke, watoto, mtumishi. Baridi kali ilipunguza homa, maji yalikuwa safi. Huko, katika mji wa Andover, wanaume wa kizazi cha kwanza waliishi kwa wastani zaidi ya miaka 70. Waliwashika wajukuu mikononi. Lakini nchi ile ilikuwa na wazee wake kabla yao. Plymouth, makazi mengine ya Waingereza huko kaskazini, ilisimama kwenye mashamba ya Patuxet, kijiji cha wenyeji Wawampanoag kilichofagiliwa na maradhi miaka michache tu kabla ya walowezi hao kufika hapo mwaka 1620.

Tena maisha marefu yalikuwa na uzito wake. Mzee wa Andover alimpa mwanawe mahali pa kujenga na kulima, ila hati hakumpa. Kijana alioa akikaribia miaka 27, akalea watoto wake juu ya ardhi ya baba, na mara nyingi hakuimiliki mpaka siku ya mazishi.

Hapo ndipo huwa nafunga kitabu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 41. Amejenga shambani kwangu, migomba aliyoipanda imeshazaa, na hati ya shamba ingali ndani ya sanduku, chini ya kitanda changu.